Cherehani Ilipoingia Ndani

Ukipita Kilakala mchana, katika nyumba zile zinazopanda kuelekea Milima ya Uluguru, huenda ukasikia cherehani ikilia ndani ya chumba, si barazani. Sikio lililozoea hutambua mara moja kazi inayofanyika. Anayeshona gauni hukanyaga, akasimama, akageuza kitambaa, akakanyaga tena. Anayedarizi hasimami. Mlio wake ni mmoja, wa haraka, kama manyunyu juu ya bati, na unaweza kuendelea kwa muda wa kuivisha maharage. Mji wa Morogoro umezijua cherehani kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini mlio huo wa pili, wa mwanamke anayedarizi chumbani mwake kwa chombo chake, umri wake ni mfupi zaidi.

Mara nyingi jambo hili huelezwa kwa urahisi mno: eti wanawake walikuwa hawajafundishwa, kisha wakafundishwa. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Kazi ya sindano waliijua wengi wao tangu zamani. Cherehani nazo zilikuwapo mjini, zimepangwa barazani mwa maduka, kila mpita njia akiziona. Kilichokosekana ni vitu hivyo viwili kukutana. Ujuzi ulikuwa ndani, mikononi mwa wanawake. Chombo kilikuwa nje, miguuni mwa wanaume. Kati yao palikuwa na upana wa barabara tu, na ilichukua zaidi ya nusu karne kuivuka.

Tuanze na maneno, maana maneno hutunza kumbukumbu. "Cherehani" ni ndugu wa "cherehe", lile gurudumu la kunolea visu, na yote mawili asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. "Darizi" nayo ina jamaa zake ng'ambo ya bahari: kwa Kiajemi na kwa Kihindi, "darzi" ni mshonaji nguo, na katika Wahindi wa Afrika Mashariki wako wenye jina la ukoo la Darji kwa sababu babu zao walikuwa mafundi wa nguo. Kwa hiyo Mswahili alipoitazama mashine ya Mzungu alikuwa na neno tayari, na fundi aliyeikalia mara nyingi alitoka upande ule ule neno lilikotoka. Pwani watu walikuwa wakidarizi kwa mkono miaka mingi: shingo za kanzu, majoho, na zile kofia za viua ambazo tundu moja moja huzungushiwa uzi kwa uvumilivu wa kuchosha macho. Nyingi za kofia hizo zilitoka ndani, mikononi mwa wanawake, na aliyezivaa na kuzisifia barabarani alikuwa mwanamume.

Huku bara sindano ya kudarizi iliingia hasa kwa mlango wa dini. Mwaka 1860 Padre Armand Fava alifika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Mwaka 1863 kazi ile ikakabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo mwaka 1868 lilivuka na kujenga Bagamoyo, na mwaka 1882 likafungua misheni Morogoro. Katika makazi yale ya watoto waliokombolewa utumwani, wavulana walipewa useremala, uhunzi na jembe. Wasichana walipewa sindano. Nia haikufichwa. Msichana alitakiwa awe mke wa Mkristo, ajue kuvalisha watoto, kutunza nguo za altare, na kutulia. Mshono mzuri ulihesabiwa kuwa dalili ya tabia nzuri. Mwaka 1937, chini ya Askofu Bernard Hilhorst, likaanzishwa shirika la masista Waafrika la Moyo Safi wa Maria, makao yake Mgolole, kwa miguu si mbali na Kilakala.

Lakini tusidhani kwamba sindano ilikuta mikono mitupu. Wanawake wa Uluguru walikuwa wakisuka mikeka, na anayesuka mkeka wa rangi anajua hesabu ya kwenda juu mbili, kushuka moja, kuruka tatu, hata ua likatokea. Hesabu hiyo ndiyo ya kudarizi. Nadhani ndiyo sababu watu waliipokea sindano bila kelele: ilikuwa kazi waliyoielewa, kwa nyuzi nyembamba zaidi.

Cherehani ilikuja kwa njia nyingine. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na pamoja na reli yakaja maduka, na pamoja na maduka zikaja baraza zenye mafundi. Mashamba ya mkonge yalileta watu wa mshahara, na mtu wa mshahara alitaka kaptura, shati na gauni la mkewe. Fundi alikaa mbele ya duka la nguo. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho, akapimwa hapo hapo. Mafundi wa kwanza wengi walikuwa Wahindi. Baadaye Waafrika waliojifunza kwa kukaa kando yao, wakianza na kutia vifungo na kupiga pasi, wakashika usukani wa gurudumu. Karibu wote walikuwa wanaume. Wapo wanaosema ni kwa sababu cherehani ni chuma na chuma ni cha mwanamume. Sababu ya kweli naiona katika fedha na mahali. Cherehani ilikuwa mtaji. Kampuni ya Singer ilikuwa imebuni tangu mwaka 1856 mtindo wa kumkopesha mnunuzi alipe kidogo kidogo, lakini hata mkopo huo humtaka mtu awe na kipato cha kila mwezi au mdhamini mwenye duka. Na baraza lilikuwa mahali pa hadhara, ambapo mwanamke aliyekaa kutwa akiwapima wanaume viuno angezungumzwa mji mzima.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wanahistoria wengi hulipita, nami nataka nilitazame kwa makini. Cherehani nyingi zilizofika katika nyumba za watu binafsi zamani zilikuwa za mkono: ndogo, zenye sanduku la mbao, zinazobebeka kichwani hadi Matombo au Mgeta. Kwa kushona mshono ulionyooka zinatosha kabisa. Mkono wa kulia huzungusha, wa kushoto huongoza kitambaa. Lakini kudarizi kunataka mikono yote miwili juu ya kitambaa, kwa sababu anayechora ua ni mikono, na sindano inapanda na kushuka tu mahali pamoja. Mwenye cherehani ya mkono alikuwa kama mtu anayetakiwa kuandika huku akipepea moto. Ya miguu ndiyo iliyofungua mlango, na ya miguu, kwa uzito wake wa chuma na bei yake, ilikaa barazani.

Na watengenezaji walijua tangu mapema kwamba chombo chao kinaweza kazi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Singer walikwishachapa kitabu kinachofundisha kudarizi na kutengeneza lesi kwa cherehani ya kawaida ya nyumbani, bila kifaa cha ziada zaidi ya fremu. Katika nyumba za Ulaya na Marekani wanawake walijifunza hivyo. Cherehani za ukoo huo huo, zilizotengenezwa katika kiwanda cha Clydebank huko Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, ziliuzwa pia katika makoloni ya Uingereza. Anayerithi Singer ya zamani aangalie kibati chenye namba ubavuni. Ikiwa namba inaanza na F, Y, au EA, ajue kwamba chuma chake kilimiminwa Uskoti kabla baba yake hajazaliwa, na kwamba tangu siku ile kilikuwa tayari kudarizi.

Serikali ya kikoloni nayo ilipowageukia wanawake iliwapa sindano ya mkono. Mwaka 1951 mke wa Gavana Twining alianzisha Baraza la Wanawake la Tanganyika, na katika vilabu vya wanawake vya miaka ile mafunzo yalikuwa usafi, upishi, malezi na ushonaji. Shule za wasichana zilifuata njia hiyo. Hapo hapo Kilakala, mwishoni mwa miaka ya 1950, masista wa Maryknoll kutoka Marekani walifungua Marian College, shule ya wasichana ambayo baadaye ikawa ya serikali na kuitwa Kilakala. Shule ile ilijulikana kwa masomo ya darasani, na wasichana wake wengi walikwenda mbali zaidi ya sindano. Nataja hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtaani kumekuwa na mawazo mawili yanayogombana: kwamba msichana aliyesoma hahitaji kushona, na kwamba anayeshona ni yule aliyeshindwa kusoma. Yote mawili yanamdhulumu mtu.

Vitambaa vilivyotoka katika vilabu vile bado vinaonekana katika masanduku ya bibi zetu: bafta nyeupe, ua la bluu pembeni, ukingo wa mshono wa mnyororo. Vilitandikwa juu ya meza siku ya mgeni na kufuliwa kesho yake. Hakuna aliyeviuza. Wako wanaovidharau leo wakisema vilikuwa mafunzo ya kumfanya Mwafrika mama wa nyumbani wa Kiingereza. Huo ni ukweli, ila ni ukweli wa aliyefundisha. Mwanafunzi naye alikuwa na lake. Alijua sasa kuchora ua juu ya kitambaa kwa penseli, kuchagua rangi tatu zisizogombana, na kujaza jani kuanzia ukingoni kwenda katikati. Ujuzi huo ulikaa kimya ukingoja chombo.

Chombo kilikuja baada ya uhuru, na kilitoka upande ambao Lady Twining hakuutarajia. Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulioanzishwa mwaka 1962 uliendeleza vikundi vya ushonaji, na safari hii neno "kipato" likaanza kutajwa. Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na ujenzi wa reli ya TAZARA kuanzia mwaka 1970. Mkataba wa reli ile ulitaka sehemu ya gharama za ndani ilipwe kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani, hivyo maduka yetu yakajua karai, tochi na kalamu za China. Cherehani za Kichina nazo, hasa Butterfly ya Shanghai, zikaja kuwa za kawaida nchini. Umbo lake ni la Singer namba 15, mfano ulionakiliwa kwanza Japani kisha China, na ubora wa mfano huo ni kwamba vipuri vyake hupatikana kila mahali na fundi yeyote huvijua. Ilikuwa ya miguu. Ilikuwa na bei ambayo mwalimu, muuguzi au karani aliweza kuiota ndoto, na baada ya miaka kadhaa ya kuchanga, kuinunua. Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa msaada wa Sweden, kimoja wapo Bigwa, jirani kabisa na Kilakala, na ushonaji ulikuwa miongoni mwa stadi zilizofundishwa katika vyuo hivyo.

Lakini ni dhiki iliyoifikisha cherehani chumbani. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 maduka yakawa matupu na mshahara ukawa hautoshi hata nusu ya mwezi. Neno la miaka ile katika vinywa vya akina mama wa mijini lilikuwa "mradi". Huyu mradi wake maandazi, yule kuku, mwingine barafu. Mwenye cherehani, mradi wake ulikuwa mashuka na vitambaa vya makochi. Kazi ya sindano ya vilabu, ile isiyouzwa, ikapanda juu ya Butterfly na kuuzwa. Shuka la kudarizi kwa mkono huchukua wiki kadhaa za jioni. Kwa cherehani, aliyezoea hulimaliza kwa siku chache. Tofauti hiyo ndiyo iliyogeuza pambo kuwa bidhaa. Uzi ulikuwa shida, kitambaa shida zaidi, hata katika mji uliojengewa viwanda vya nguo na turubai. Milango ya biashara ilipolegezwa mwaka 1984 mitumba ilifurika, ikawaumiza mafundi wa baraza waliotegemea kushona magauni mapya. Mwenye kudarizi haikumgusa sana. Mtumba haukuja na tausi wawili na maneno "Karibu Mgeni".

Ndugu msomaji, kama unataka kuielewa historia hii kwa mikono, anza kama walivyoanza wao. Kwanza jifunze kukanyaga bila uzi. Toa uzi, weka karatasi ya daftari la shule, fuata mistari yake kwa sindano tupu mpaka gurudumu lisirudi nyuma hata mara moja; mgeni wa cherehani ya miguu huirudisha nyuma na kukata uzi kila dakika. Kisha fanya jambo ambalo kila aliyefundishwa kushona huliona kama uharibifu: ondoa mguu unaokandamiza kitambaa, na shusha meno. Meno ni vile vyuma viwili chini ya sindano vinavyosukuma kitambaa mbele. Cherehani nyingi za aina ya 15 zina kisukurubu au kitufe cha kuyashusha. Zisizonacho hufunikwa meno kwa kibati chembamba, au meno hufunguliwa na kuwekwa kando ndani ya kikopo. Sasa chombo kimenyang'anywa kile kilichokifanya kiende mbele moja kwa moja. Kitakwenda unakotaka wewe.

Kitambaa kitie ndani ya fremu, zile pete mbili za mbao, lakini kinyume na anavyofanya mdarizi wa mkono: uso wa kitambaa ulale chini ya pete, ugusane na kitanda cha cherehani, kikaze kama ngozi ya ngoma. Bafta ipigwe wanga kwanza. Tetroni iwekewe karatasi chini, itakayochanwa kazi ikiisha. Halafu kuna siri iliyowaliza wanafunzi wengi. Ingawa mguu umeondolewa, ile nyenzo ya kuushushia lazima ishushwe, kwa maana ndiyo inayobana uzi wa juu. Usipoishusha, juu utaona mshono, chini utakuta kichuguu cha nyuzi. Vuta uzi wa bobini juu ya kitambaa, shika nyuzi zote mbili kwa mishono mitatu ya mwanzo, na uende.

Miguu iwe ya haraka, mikono iwe ya polepole. Mwanzo kila mtu hufanya kinyume: anaogopa, anakanyaga taratibu, huku mikono inavuta, na sindano inavunjika. Jirani yetu mmoja mtu mzima, ambaye wasichana wengi wa mtaa walipitia mikononi mwake, alikuwa na kanuni kwamba mwanafunzi asiguse ua mpaka aweze kuandika jina la mama yake kwa uzi, herufi za mwandiko, bila kunyanyua sindano. Nafikiri kanuni hiyo inapita vitabu. Anayeweza kuandika anaweza kikonyo, anayeweza kikonyo anaweza jani, na jani hujazwa kwa kuyumbisha fremu kushoto na kulia, mishono ikilala bega kwa bega. Ua la duara ni la mwisho. Na kabla ya yote, uzi ujaribiwe katika maji ya moto. Uzi mwekundu unaochuja umeharibu mashuka mengi meupe yaliyokwisha kulipiwa.

Ninapoeleza haya watu huniambia kwamba basi mambo yote ni mema: mwanamke amekaa kwake, hamtegemei mtu, anapata fedha. Sina haraka ya kukubali. Kazi ya nyumbani ina upande mwingine, na Ulaya waliuona mapema. Mwaka 1828 Joshua Heilmann wa Mulhouse alibuni mashine ya kudarizi yenye sindano nyingi, na mwaka 1863 Isaak Gröbli akabuni nyingine ya haraka zaidi huko St. Gallen, Uswisi. Ya Heilmann iliingia katika maelfu ya nyumba za wakulima wa mashariki ya Uswisi. Baba aliiendesha, mama na watoto wakatunga uzi katika mamia ya sindano hata usiku, na bei ilipangwa na mfanyabiashara wa mjini. Mitindo ilipobadilika baada ya vita vya 1914 hadi 1918, biashara iliporomoka na nyumba nyingi zikabaki na chuma na deni. Chumba kile kile kinachomsitiri mtu huweza kumficha asihesabike.

Kuhesabika ndilo neno lenyewe. Mdarizi wa Kilakala akiulizwa kazi yake na mwandikishaji, mara nyingi husema "niko nyumbani tu", huku shuka lenye oda liko mapajani. Na cherehani yenyewe ni ya nani? Katika ndoa nyingi mume ndiye aliyetoa fedha za kununulia, mke ndiye aliyeilipa mara kumi kwa kazi. Nimesikia zaidi ya mara moja mwanamume, siku ya ugomvi, akisema ataichukua "cherehani yake". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa ya kumiliki mali, na inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mabishano yalikuwa juu ya neno "juhudi". Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa Mahakama iliona mumewe alikwishampa fedha za kuanzishia mradi naye akazitapanya. Lakini kauli ile ilibaki, na imetumiwa na wengi waliokuja baada yake. Ikiwa kupika na kufua ni mchango, sembuse mashuka yaliyolipa karo.

Katika Waluguru suala hili lina mkunjo wake wa pekee. Ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo haimtoki mwanamke kwa sababu ya talaka. Mara nyingi mume ndiye mgeni katika shamba. Cherehani haikuwamo katika utaratibu huo. Ilikuja na fedha, na fedha zilikuja na mshahara, na mshahara ulikuwa wa mume. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa na uhakika wa mgomba wake mlimani aliposhuka kuishi Kilakala alijikuta hana uhakika wa chombo kilichomo chumbani mwake. Baadhi walilimaliza kwa hekima yao wenyewe: walinunua kwa fedha za upatu, stakabadhi ikaandikwa jina lao, na stakabadhi ile ikahifadhiwa kwa mama mzazi.

Sasa kuna mashine za kompyuta. Tangu mwaka 1990, Janome walipotoa Memory Craft 8000 kwa matumizi ya nyumbani, cherehani imeweza kudarizi yenyewe kwa picha iliyohifadhiwa ndani yake, na mijini kwetu zipo karakana zenye mashine za vichwa vingi zinazotoa nembo za shule na kampuni kwa wingi. Kazi ya nembo, ambayo ilikuwa riziki nzuri kwa wadarizi walio karibu na shule, inazidi kwenda huko. Mashuka na foronya za harusi bado zinabaki kwa kiasi kikubwa mikononi, kwa sababu mteja hutaka majina mawili ambayo hayamo katika mashine yoyote, na anayataka kabla ya Jumamosi.

Michoro yenyewe ina historia ambayo haijaandikwa popote. Njia ni ile ya mafundi wa darizi wa zamani: picha huchorwa juu ya karatasi laini, kisha karatasi hupitishwa chini ya sindano isiyo na uzi mpaka mistari yote iwe matundu. Karatasi ikilazwa juu ya kitambaa na kupakwa unga wa buluu uliolowanishwa na mafuta ya taa kidogo, alama hushuka na mafuta hukauka yakatoweka. Karatasi kama hiyo huazimwa kwa jirani, hubanduliwa nakala, husafiri hadi Kihonda na kurudi. Kwa foronya mbili inatosha moja: hupigwa upande huu kwa foronya ya kwanza, hugeuzwa kwa ya pili, na ndege wawili wanatazamana kitandani.